Mungu Hadaiwi Medali

Teritware ya Walikale, mashariki mwa Kongo, ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sehemu yake kubwa ni msitu usiopitika ila kwa miguu. Katikati ya msitu huo, mahali paitwapo Kilambo, kipo kipande cha barabara ya lami. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya barabara hiyo kuchukua kasiterite, madini ya bati, iliyobebwa migongoni na wapagazi kutoka machimbo ya Bisie. Ndege ikikaribia, watu na pikipiki walisimamishwa. Ikiruka, wakaruhusiwa kupita. Mimi ni mwalimu wa michezo na katekista. Wanafunzi wangu niliwapeleka pale kukimbia, katika saa ambazo anga lilikuwa kimya, kwa sababu palikuwa tambarare na mguu ulijua unakanyaga wapi. Kwingine kote ni tope, na tope la Walikale huvaliwa buti za mpira.

Mama wa binti mmoja alinikuta hapo siku moja. Alikuwa ametoka shambani na muhogo kichwani. Akaniuliza: “Mwalimu, huyu mtoto unamfundisha kukimbia aende wapi?”

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kukimbia mara nyingi katika maisha yake, usiku, mtoto mgongoni na sufuria mkononi, na ambaye hakuna hata mbio moja kati ya hizo iliyompeleka mahali alipopataka. Binti yake alikuwa ameniambia anataka kukimbia mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki. Hakusema kwamba anatamani tu. Alisema anataka, kama mwingine asemavyo anataka kuwa muuguzi au sista.

Swali la mama yule nimelibeba hadi leo, na nimegundua kwamba ni swali la dini kabla ya kuwa swali la michezo. Je, ni haki mbele ya Mungu kumwambia mtoto wa Masisi, teritware jirani, au wa Walikale avumilie miaka kumi, miaka ishirini, kwa ajili ya ndoto ambayo yeye hana uwezo wa kuilinda, wala mimi sina? Tunampa fadhila au tunampa jeraha jingine?

Naamini ni haki. Lakini si kwa sababu ile tunayoisikia makanisani, wala si bila sharti.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwetu yamechanganywa kwa muda mrefu mno. Watu wa Masisi na Walikale wamehubiriwa uvumilivu kuliko kitu kingine chochote. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, hapa Walikale, yakapanda hadi kwenye milima ya Masisi. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baada ya hapo ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998, zikaja zile za makundi yenye majina ya herufi ambazo hata watoto wetu wanazijua kabla ya kujua kuandika. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi-Centre, wakaingia Sake na Goma, na Machi ya mwaka ule ule wakafika Walikale-Centre, wakaikalia kwa majuma machache kabla ya kuondoka. Aliyezaliwa juma lile la Ntoto sasa ana zaidi ya miaka 30, na pengine ana watoto wanaohama kama alivyohamishwa yeye. Katika miaka yote hiyo, kila Jumapili, ameambiwa: vumilia.

Uvumilivu huo hakuuchagua. Umeletwa na bunduki ya mwingine, hauna kipimo, hauna siku ya mwisho, na anayeuvumilia haulizwi kama amechoka. Mimi siudharau, kwa maana ndio uliotuweka hai. Lakini mtu anayehimizwa kuupenda anafanyiwa ubaya mara ya pili. Dhuluma haigeuki kuwa neema kwa sababu tu aliyedhulumiwa hajafa.

Saburi ya mkimbiaji ni kitu kingine. Yeye mwenyewe huchagua kilima atakachopanda, hujua kinaanzia wapi na kinaishia wapi, hupima maumivu, huyaongeza kidogo kidogo, na akifika juu hupumzika. Kesho hurudi kwa hiari yake. Katika nchi ambayo saa ya kulima, saa ya kwenda sokoni na saa ya kulala huamuliwa na watu wenye silaha, binti anayeamka kabla ya jua na kuamua kwamba leo atakimbia hadi darajani na kurudi amejitawala kwa saa moja. Watu wazima wengi wa hapa hawajawahi kuipata saa hiyo. Wanafalsafa wa kale waliuita uwezo huo uhuru, na walijua kwamba mtumwa anaweza kuwa nao na mfalme akaukosa. Mmoja wao, Epictetus, alikuwa mtumwa kweli, na alikuwa kilema wa mguu.

Anayeelewa tofauti hiyo ataelewa pia kwa nini haifai kumlazimisha mtoto kuwa mwanamichezo. Popole Misenga, mcheza judo aliyezaliwa Bukavu, ng’ambo ya pili ya ziwa letu la Kivu, alitenganishwa na familia yake na vita akiwa mtoto mdogo. Aliokotwa msituni, akapelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Amesimulia mwenyewe kwamba wachezaji walioshindwa walifungiwa ndani na kupewa chakula kidogo. Mwaka 2013 alifika Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akaamua kutorudi. Mwaka 2016, katika mji ule ule, aliingia ulingoni akiwa katika Timu ya Wakimbizi, ya kwanza katika historia ya Olimpiki, akamshinda Avtar Singh wa India kabla ya kutolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia. Mtu huyo alivumilia mara mbili, kwanza kwa kulazimishwa, kisha kwa kuchagua. Ni uvumilivu ule wa pili tu ninaoweza kumwonyesha mwanafunzi na kumwambia: huu ni mzuri.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi. Sote tumekuzwa na methali isemayo mvumilivu hula mbivu. Ni methali njema pale ambapo aliyepanda huvuna. Kwetu maharage ya msimu wa kwanza hupandwa kuanzia Septemba na kuvunwa kuelekea Januari. Mwaka 2025, Masisi-Centre ilitekwa Januari 4. Wakulima wengi waliacha maganda yakikaukia shambani na kuteremka barabarani. Hao walikuwa wamevumilia: walilima, walipanda, walipalilia, walisubiri mvua. Mbivu zililiwa na wengine, au zilioza. Ukimwambia mama aliyeacha shamba lake Masisi kwamba mvumilivu hula mbivu, atakutazama usoni akijiuliza kama unamjua.

Kwa hiyo siwezi kumwahidi mwanafunzi wangu kwamba akivumilia atafika. Nikimwahidi hivyo nitakuwa nimesema uongo, na uongo unaosemwa kwa jina la Mungu ni mzito kuliko mwingine. Yako mahubiri, katika makanisa ya mbao ya vijijini na katika yale ya mjini yenye vipaza sauti, yanayomfanya Mungu kuwa mwenye duka: leta machozi, leta jasho, leta sadaka, upokee ulichoagiza. Anayeyaamini na asipokee ana njia mbili tu. Ama ajilaumu kwamba imani yake ilipungua, ama amlaumu Mungu kwamba ni mwizi. Ndivyo walivyofikiri marafiki wa Ayubu, ambaye Waislamu wenzetu wa Goma na Sake humheshimu kwa jina la nabii Ayubu. Marafiki wale walitaka hesabu ilingane: ameteseka, basi alikosea. Kitabu chenyewe kinawakataa. Na kama mateso si bei ya dhambi, basi jasho nalo si bei ya ushindi. Mungu hadaiwi medali na mtu yeyote.

Hapo ndipo mama yule angeweza kuniambia: kumbe umekubaliana nami, mwache mtoto aje kulima. Lakini sikubali, na ninayo sababu iliyo karibu kabisa na kwetu.

Ukitoka Sake ukafuata barabara ya kwenda Minova, ziwa likiwa upande wako wa kushoto, utafika Kirotshe, katika teritware ya Masisi. Hapo ndipo kwao Makorobondo Salukombo, ambaye wengi humwita Dee. Vita viliifukuza familia yake akiwa mtoto. Ilipitia Uganda, mwishowe ikafika Cleveland, katika jimbo la Ohio, Marekani. Huko ndiko kipaji chake cha mbio kilikoonekana, shuleni kwanza, kisha katika Chuo Kikuu cha Denison. Angeweza kubaki mkimbiaji wa Ohio na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitaka kukimbia akiiwakilisha Kongo, na tena alitaka watoto wa Kirotshe wakimbie. Akarudi. Akaanzisha kazi ya kuwasaidia vijana wa kijiji chake kwa masomo na riadha, wasichana kwa wavulana, akawa anakimbia nao katika barabara zile zile ambazo wengine walizijua kwa kuhama tu.

Mwaka 2016 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi yenye makumi ya mamilioni ya watu, ilipeleka wanamichezo wanne tu katika Olimpiki ya Rio. Mmoja wao alikuwa Salukombo, katika marathoni ya Agosti 21, ile aliyoshinda Eliud Kipchoge. Mwingine alikuwa Beatrice Kamuchanga, msichana wa miaka 18, mmoja wa vijana waliofanya mazoezi katika timu ya Salukombo. Yeye alikimbia mita 5,000.

Mbio za Kamuchanga nataka kuzitazama kwa utulivu, kwa sababu jibu langu limo humo. Mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja. Alimaliza katika dakika 19 na sekunde kadhaa, nyuma ya wenzake wote wa kundi lake, wengine wakiwa wamemwacha kwa zaidi ya dakika tatu. Hakufuzu kwa fainali. Siku chache baadaye fainali hiyo ilishindwa na Vivian Cheruiyot wa Kenya kwa dakika 14 na sekunde 26, Hellen Obiri akiwa wa pili.

Sasa mwangalie Cheruiyot. Alikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney, mwaka 2000, akiwa kijana wa miaka 17. Akawa bingwa wa dunia. London, mwaka 2012, alipata fedha na shaba. Akajifungua mtoto, akarudi mazoezini, na dhahabu ya Olimpiki ikaja Rio, miaka 16 baada ya Sydney. Huo ni uvumilivu ambao kila mwalimu wa michezo anapaswa kuusimulia. Ila tukisema kwamba yeye alishinda kwa sababu alivumilia, itabidi tuseme pia kwamba Kamuchanga alikuwa wa mwisho kwa sababu hakuvumilia vya kutosha. Hilo si kweli. Hewa ya juu haikumpendelea mmoja: malisho ya Masisi yanapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Eldoret. Milima tunayo, miguu tunayo, mapafu tunayo. Kilichokuwa nyuma ya Cheruiyot ni nchi nzima inayojua kukuza mkimbiaji: makambi, makocha waliofundishwa na makocha, mashindano kila juma, barabara ambayo asubuhi hujaa wakimbiaji mamia, na mwenye duka anayejua kwamba yule anayepita mbio si mwizi wala hakimbii risasi. Nyuma ya Kamuchanga kulikuwa na watu wachache wenye moyo.

Ninapomwona msichana yule katika mzunguko wa mwisho, uwanja ukiwa umebaki wake peke yake, sioni aibu. Naona mtu aliyetimiza alichopewa. Na hapo ndipo ninaposimama: saburi ya mwanamichezo ni uaminifu kwa amana, si malipo ya ushindi. Mwili wenye mbio ni kitu ambacho mtoto hakujipa. Alipewa. Mtu aliyepewa amana haulizwi mwishoni kama alikuwa tajiri kuliko jirani. Anaulizwa alifanya nini na kile kilichowekwa mkononi mwake. Katika mfano wa talanta uliomo katika Injili ya Mathayo, aliyepewa mbili na aliyepewa tano walipokelewa kwa furaha ile ile, ingawa hesabu zao hazikulingana. Aliyekaripiwa ni yule aliyezika.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho akiwakumbusha wakimbiaji wao, na alijua anaongea na nani. Karibu na Korintho palifanyika Michezo ya Isthmia, na wenyeji walikuwa wamewaona vijana wakijinyima kwa miezi ili kupata shada la majani ambalo lingenyauka. Wahubiri wetu hulitumia andiko hilo kudharau michezo, kana kwamba Paulo alisema shada ni upuuzi. Mimi nalisoma vinginevyo. Alichokiona ni kwamba kujinyima kule kulikuwa halisi hata kama shada halikudumu, na kwamba kijana aliyejifunza kuutawala mwili wake kwa ajili ya majani anaweza kujifunza kuutawala kwa ajili ya jambo kubwa zaidi. Epictetus naye alimwonya anayetaka kushinda Olimpia afikirie kwanza yanayotangulia: chakula cha kupimiwa, mazoezi ya lazima katika joto na baridi, kumtii mkufunzi kama mgonjwa anavyomtii tabibu, kumeza vumbi, kuteguka, na baada ya hayo yote pengine kushindwa. Ukiyatazama yote hayo na bado ukataka, alisema, basi nenda. Hakumkataza mtu kuota. Alimtaka aote macho yakiwa wazi.

Ndivyo ninavyowafanyia wanafunzi wangu. Nawaambia waziwazi kwamba Kongo haijawahi kupata medali hata moja ya Olimpiki tangu iliposhiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Nawaambia kwamba kutoka hapa hadi uwanja wa kweli wa riadha ni safari ya ndege, na kwamba uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Nawaambia kwamba msichana anaweza kupata mimba, kupata jeraha, kukosa pasipoti, kukosa unga. Wakisha kusikia hayo, anayerudi kesho asubuhi amerudi kwa sababu yake mwenyewe, na mimi naweza kumfundisha nikiwa na dhamiri safi.

Binti wa mama yule alirudi. Vita ilipofika Walikale-Centre, familia yake iliingia msituni pamoja na wengine. Alirudi akiwa amekonda, na kwa muda hakuweza kukimbia kwa kasi aliyokuwa nayo. Tulianza upya kwa kutembea. Alikuwa ameorodheshwa kwa mashindano mahali pengine, na waliokuwa na jukumu la kumsafirisha hawakumsafirisha. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza kesho tunaanza saa ngapi.

Sitaki kumfanya mtakatifu kwa jibu hilo, wala sitaki jibu hilo litumike kuwafariji wale waliomwacha. Na hili ndilo sharti nililolitaja mwanzoni. Nguvu za mtoto zisituruhusu sisi kuwa wavivu. Kila mtu wa milimani anaijua chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kutoka Masisi kuteremka Sake, imejaa viazi na makaa, hukimbia yenyewe na kazi ya mwenyewe ni kuishika isimshinde. Kupanda ni habari nyingine: lazima mtu avute mbele na wengine wasukume nyuma, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenye chukudu kwamba akiwa na imani itapanda peke yake. Ndoto ya mtoto kutoka Walikale inapanda mlima. Mungu aliweka mbio katika mguu wa binti. Kusukuma alituachia sisi.

Ndiyo maana kurudi kwa Salukombo Kirotshe kunanifundisha zaidi ya matokeo yake katika marathoni. Uvumilivu wake haukuishia kwake. Ndoto ya mtu mmoja, ikiwa ya kweli, hufika mahali ikawa kubwa kuliko mwenyewe, na hapo hata kushindwa kwake huwa na matunda. Alichokipata akiwa ugenini alikileta kuwa njia ya wengine. Tukitaka kujua kama ndoto imetoka kwa Mungu au imetoka katika majivuno, tuangalie kama inamfungulia mwenye ndoto mikono au inamfunga. Anayekimbia ili awadharau aliowaacha kijijini anaabudu sanamu yenye umbo la medali. Anayekimbia na moyoni amebeba wadogo zake yuko katika sala, hata kama hafungui kinywa.

Kipimo hicho hicho hunisaidia pale kijana anapokuja kuuliza kama aache. Swali hilo ni halali, na nakataa kulijibu kwa kelele za kumtia hamasa. Mguu uliovunjika vibaya, miaka iliyokwisha kupita, mama mgonjwa nyumbani: hayo ni mambo ya kweli, na kumtunza mama ni amana pia. Kuacha kushindana si kuzika talanta kama yule aliyeacha anawafundisha wengine, anahesabu muda wao kwa saa ya mkononi, anawaonyesha jinsi ya kupumua kwenye mwinuko. Kuzika ni kusema: kwa kuwa mimi sikufika, mbio ni upumbavu, na mtoto yeyote asinisumbue tena. Nimewaona watu wazima waliozika hivyo, na uchungu wao huwaangukia watoto wanaoanza.

Kwa hiyo mama yule nilimjibu hivi: binti yako hajui atafika wapi, nami sijui. Lakini anajua anatoka wapi kila asubuhi na anarudi akiwa mtu mwenye amri juu ya nafsi yake. Amejifunza kula kwa wakati, kulala kwa wakati, kukataa kijana anayemvuta machimboni kwa dola chache, kuanza upya baada ya kuanguka. Hayo hakuna anayeweza kumpokonya barabarani, kama walivyokupokonya mbuzi na magodoro. Na kama mlango wa Olimpiki utafunguka siku moja, utamkuta amesimama tayari. Mama alinisikiliza, akatua muhogo wake, akataka kujua kama kukimbia kunahitaji chakula zaidi. Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo binti alikuja na kipande cha muhogo wa kuchemsha.

Mama yule, kwa swali lake la chakula, alikuwa ameielewa dini kuliko wahubiri wengi. Hakuomba binti apewe moyo wa kuvumilia njaa. Aliuliza apunguze njaa vipi.

Basi nina neno kwa kila mmoja wetu. Mzazi wa Masisi, wa Walikale, wa Goma: usimzuie mtoto mwenye kipaji kwa sababu wewe ulivunjwa, mpe saa moja ya siku bila kuni wala madumu ya maji. Padri, mchungaji, imamu: ukihubiri saburi, taja ni ipi, na usimwombe aliyeonewa aupende uonevu. Ninyi wenye madaraka ya michezo, na ninyi mliopata mali kutoka kasiterite ya Bisie na koltani ya Rubaya: kiwanja kimoja cha riadha chenye udongo ulioshindiliwa, jozi za viatu, nauli ya kwenda kwenye mashindano ni vitu vidogo mno kwenu, na kwa mtoto mmoja ni tofauti kati ya kipaji na majuto. Nanyi wenye bunduki, wa kila upande: fungueni barabara, watoto wapite. Nawe kijana unayekimbia gizani kabla ya watu kuamka: usimwekee Mungu masharti, lakini usizike ulichopewa.

Na yeyote atakayesoma haya, asimwambie mtoto avumilie kabla hajampa kitu cha kumsaidia kuvumilia.